Mtungi wa gesi nilioukomboa mara tatu

Mtungi wa gesi ulipopotea jikoni kwa mara ya tatu, sikuuliza nani kauchukua. Nilivaa baibui nikaenda moja kwa moja kwa muuza vyuma chakavu wa mtaa wa pili, nikamkuta kaukalia. Nikamhesabia pesa yake, nikaubeba mwenyewe, mwanamke wa miaka 66, na kila aliyenisalimia njiani nikamwambia natoka kuujaza. Uongo ule ulinichosha kuliko wizi wenyewe.

Mwanangu ana miaka 39. Ni fundi seremala. Kitanda ninacholalia kakitengeneza yeye. Unga, yaani heroini, alianza kwa kuuvuta pamoja na bangi, baadaye akahamia kwenye sindano. Hapa Temeke mtaa mzima ulijua kabla yangu. Nilimwona anajikuna, anasinzia na kijiko cha wali mkononi, nikasema ni uchovu wa kazi. Halafu nikasema karogwa, nikampeleka kwa mganga. Halafu soba hausi, nyumba wanakokaa watu wanaojaribu kuacha unga, na kiinua mgongo changu cha ualimu kikaishia huko. Alikaa miezi minne, akarudi kanenepa, nikampikia pilau. Wiki ya pili tukamwokota uchochoroni hana fahamu.

Hilo natamani ningeambiwa mapema: mtu akikaa muda bila unga, mwili unapoteza ule uzoefu, na kiasi alichokuwa akikimudu zamani kinaweza kumuua. Mimi nilidhani siku zile ni za sherehe, kumbe ndizo za hatari.

Usingizi ukaniishia. Simu nililala nayo chini ya mto, ikilia nawaza polisi au mochwari. Presha ikapanda hadi daktari akaniambia, "Mama, ukienda hivi, yeye ndiye atakayekuzika."

Kilichonisaidia kilianzia kwenye fungu la mchicha. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Tanga, tukakaa uani tunachambua mboga, akauliza kijana yuko wapi. Nikaanza, "Kasafiri," sauti ikakata. Nililia kama msibani. Dada hakunipa mawaidha. Aliendelea kuchambua mchicha mpaka nilipomaliza yote, mganga, mtungi, kila kitu, kisha akasema, "Basi usimfiche tena, mdogo wangu. Mwekee chakula chake kama wenzake."

Jioni ile nilimfunikia sahani kwa kawa, nikaiweka barazani. Kesho yake nilipita kwa majirani wanne na kwa yule wa vyuma chakavu. Nikawaambia, "Mwanangu anatumia unga. Akileta kitu changu msinunue. Akija na njaa, nileteeni." Miguu ilitetemeka. Jirani wa nyuma alinishika mkono, akaniambia mkwewe naye yumo. Tangu siku ile usiku ukinielemea nina wa kumgongea mlango.

Pesa nikaacha kumpa. Lilikuwa gumu hasa arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ilipomshika: anasimama dirishani, jasho, makamasi, tumbo linamkata, "Mama nakufa, elfu mbili tu." Nilikaa chini na tasbihi yangu, na yeye yuko hatua tatu kutoka kwangu. Wako wazazi wanaofunga mlango kabisa, na siwalaumu. Mimi nilifunga stoo na chumba changu, baraza nikamwachia.

Vijana wa uelimishaji rika walimkuta maskani, wakamfuata wiki baada ya wiki mpaka akakubali kwenda kliniki ya methadoni. Dawa hii hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa 2011; miaka yote nahangaika na waganga, ilikuwepo mji huu huu. Mwanangu huinywa kila siku, dirishani mbele ya mhudumu, Jumapili na sikukuu pia. Inaizuia arosto, mtu anaweza kushinda kazini bila kutafuta kete ya unga.

Miezi ya mwanzo nilikwenda naye kila asubuhi, nikasimama nihakikishe amemeza. Siku moja muuguzi akaniuliza, "Mama, yeye ya kwake kanywa. Wewe ya kwako umekunywa?" Vidonge vya presha nilikuwa nimeviacha nyumbani, siku ya tatu ile.

Nikaacha kumsindikiza. Sasa saa kumi na mbili asubuhi nasikia geti, siinuki. Nameza kidonge changu, namwandaa mjukuu kwenda shule. Mwanangu ameteleza mara mbili tangu aanze. Mara ya kwanza nilikaa siku mbili bila kula, mara ya pili nilimpigia dada, tukaongea mpaka nikapata usingizi. Akarudi dirishani kwake, na mimi nikarudi kwenye shughuli zangu. Simu nailaza sebuleni.

Mtungi wa gesi bado naufunga kwa mnyororo. Kufuli kaninunulia yeye, kwa pesa ya kazi yake ya kwanza, akanikabidhi funguo zote mbili.