Kabla ya kununua kiyoyozi, panda darini

Nyumba yetu ya Kivule, Dar es Salaam, haina kiyoyozi, na Februari hii mama yangu, mwenye umri wa miaka sabini na ushee, analala mchana chumbani kwake bila kuhangaika. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila anayeniuliza nyumba isiyokula umeme inajengwaje hutegemea nimtajie kifaa. Mimi humtajia paa.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana halitoki mbali na utosi mwaka mzima; mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba linasimama juu ya kichwa kabisa. Kinachopigwa zaidi ni bati, kuliko ukuta wowote. Bati likishika moto linapasha hewa iliyo kati yake na dari. Hewa hiyo ikikosa pa kutokea inatulia palepale, inaipasha jipsamu ya dari, na jipsamu inakushushia joto mpaka usiku. Hapo unawasha feni na bado unahisi unapulizwa hewa ya moto.

Tulipoezeka nilichagua bati la rangi ya krimu. Fundi alinisihi sana: "Dada, mtaa mzima wanaweka damu ya mzee au kijivu, hii itachafuka." Vumbi linashika kweli, na mvua inaliosha. Rangi nyepesi inarudisha angani sehemu kubwa ya joto ambalo damu ya mzee ingelimeza. Kisha nikamwomba atoboe matundu kwenye mbao za chini ya upenu, na aache nafasi juu kabisa kwenye pembetatu za ukuta za pande mbili, zote zizibwe kwa wavu mgumu ili popo na shomoro wasihamie. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kutokea juu. Ya baridi kidogo inaingia kwa chini. Hakuna mota wala waya. Ukiwa na bati jeusi tayari, matundu haya bado yanawezekana, na chini ya bati unaweza kutandaza karatasi ya foili inayorudisha joto. Chagua siku ya jua kali, saa nane mchana, fungua kile kidirisha cha dari na uingize kichwa. Utaelewa pesa yako inakwenda wapi.

Kuta nazo zina zamu yake. Upenu mpana unakinga vizuri kuta za kaskazini na kusini, lakini jua la asubuhi na la jioni linakuja kwa chini na kupita chini ya upenu. Ukiwa bado una kiwanja kitupu, laza nyumba ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kwetu upande wa magharibi uko mwarobaini, unaokua haraka na kuvumilia kiangazi. Majani yake yanaingia kwenye gata, hiyo ni kazi ya kupanda ngazi kila msimu, na mimi naikubali kwa kivuli ninachopata.

Madirisha ndiyo yananiuma zaidi ninapotembelea nyumba mpya za watu. Yale ya aluminiamu ya kusukuma, hata ukiyafungua mpaka mwisho, nusu ya dirisha inabaki kioo kilichozibwa. Sisi tuliweka ya kufunguka yote, na kila chumba kina tundu upande wa pili ili upepo upite. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ileile ya joto kali; kusi inashika zamu katikati ya mwaka. Wazee wa pwani walizijua pepo hizi kwa ajili ya majahazi. Nasi tunazihitaji vyumbani.

Feni ya kawaida inatumia kama wati 60. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaweza kuvuta wati 1,000 kinapofanya kazi, yaani saa moja yake inalingana na feni inayozunguka saa kumi na sita. Kwa sisi wateja wadogo wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, uniti 75 za mwanzo za mwezi zinauzwa shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni 350, kabla ya kodi na tozo. Mstari huo wa 75 ndio ninaoulinda kwa wivu.

Paa hilohilo linatuletea maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, basi. Paa letu lina mita 120 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 1,200, na hata ukitoa yanayorukia nje na kupotea unakaribia kujaza simtenki la lita 1,000. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao Oktoba, ndipo majirani walipoanza kuuliza bei ya gata. Maji ya kisima cha karibu yana chumvi. Unasugua sabuni mpaka mkono uchoke, povu halitoki. Ya mvua, kipande kidogo tu na beseni limejaa povu.

Lakini usiyaruhusu maji ya mwanzo kuingia kwenye tenki. Yanabeba vumbi, majani na vinyesi vya ndege. Kwenye bomba letu la kushuka kuna tii, kiungo cha njia tatu, inayopeleka maji kwanza kwenye pipa la lita 60 lililofungwa; likijaa, yanayofuata yanapitiliza tenkini. Chini ya pipa kuna koki ya kulimwaga kabla ya mvua nyingine. Ya kunywa tunayachemsha.

Tenki lisilofunikwa vizuri ni hatari ndani ya uzio wako. Dengue ililipuka hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hutaga kwenye maji yaliyosimama majumbani: ndoo, matairi, sahani za chini ya maua. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mdomo wa tenki na bomba la kutolea maji ya ziada vina wavu wa matundu madogo, na Jumamosi mwanangu anazunguka uwanja mzima akimwaga kila chombo.

Mama ana pumu, hivyo jiko la mkaa limeondoka kabisa. Mkaa unaowaka ndani hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na moshi wake unamkaba kifua. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sisi tunatumia gesi, na kwa maharage presha kuka ya umeme: yakilowekwa usiku, hayafikii uniti moja kuiva.

Chooni, tia rangi ya chakula kwenye tenki la kuflashi na usubiri bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanavuja usiku na mchana bila wewe kusikia. Maji ya kufulia huenda kwenye migomba, kamwe si kwenye mchicha.

Wapangaji wenzangu wa zamani huniambia haya ni ya wenye nyumba. Yapo mnayoyaweza: taa za LED, kipimo hicho cha choo, wavu wa madirisha, pazia jepesi jeupe upande wa magharibi. Kuhusu gata na matundu ya dari, nendeni kwa mwenye nyumba na makadirio ya fundi mkononi, mwombe gharama ikatwe kwenye kodi ya pango kidogokidogo. Mwenye nyumba wetu wa awali alikubali gata, na lipo pale hadi leo.