Kiporo cha wali, kimchi na dagaa wetu

Jana usiku nilipika wali mwingi makusudi ili leo nipate kiporo. Hapa kwetu Mwanga, Kigoma, wali haubakigi kirahisi, ila nilikuwa nataka kukaanga ule wali wa Kikorea wa kimchi, ile kabichi yao ya pilipili iliyochachushwa, na wali huo ukiufanya na wali uliotoka jikoni sasa hivi unakuwa bokoboko tu. Wenyewe wanauita kimchi bokkeumbap, bokkeum ni kukaanga na bap ni wali. Ni chakula cha kumalizia vilivyobaki, wali wa jana na kimchi iliyokaa mpaka imekuwa chachu sana, na mi naona hapo ndo utamu wote ulipo, kimchi changa haina kazi humu.

Kimchi yenyewe nilitengeneza wiki mbili zilizopita. Wakorea wanatumia ile kabichi ndefu ya Kichina, mi sokoni napata hii yetu ya mviringo ambayo ni ngumu kidogo, kwahiyo naikata vipande, naichanganya na chumvi naiacha kama masaa matatu hivi, mpaka ukikunja kipande cha jani kinapinda bila kukatika. Hapo nasuuza mara mbili, nakamua. Alafu napika uji mzito wa unga wa mchele, ukipoa natia kitunguu swaumu kingi, tangawizi, kitunguu majani na pilipili nyekundu kavu niliyotoa mbegu nikaitwanga isilainike sana. Pilipili yao ni ya wastani na wanaimwaga kwa wingi mpaka kimchi inakuwa nyekundu kabisa, ukifanya hivyo na zetu hutaila, weka kidogo.

Sasa huko wanatiaga uduvi wa chumvi au sosi ya samaki wadogo. Mi nikasema na dagaa wa Kigoma je? Nilichukua wa Kibirizi, pale mwaloni ziwani, wakavu wazuri wasio na mchanga, nikawakaanga bila mafuta mpaka wakanukia, nikatwanga unga, vijiko vitatu kwa kabichi moja kubwa, vyote nikachanganya na ile kabichi nikajaza kwenye chupa. Aisee. Ile ladha nzito inayobaki mdomoni ipo kabisa.

Siku ya tatu mama akafungua chupa, vipovu vinapanda, harufu kali, akaniambia mwanangu hii imechacha kamwage. Nikamwambia hapana mama, hii imechachuka, ni kama maziwa mgando, vile vijidudu vizuri vinakula sukari ya kabichi vinatoa asidi na chumvi inawazuia wale wabaya. Ila kifuniko usikaze kabisa, hewa inajaa ndani, na kwa joto la hapa siku mbili tatu nje zinatosha, baada ya hapo weka kwenye friji iendelee polepole. Nikamsimulia kwamba Korea ndugu na majirani wanakusanyika kabla ya baridi kutengeneza kimchi ya kula miezi yote ya baridi, wanaita kimjang, na mwaka 2013 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa tamaduni. Mama akasema ndo kama sisi na dagaa, unanunua wengi wakati wa giza maana mbalamwezi ikija wavuvi hawapati kitu. Alinielewa kuliko nilivyojieleza.

Haya, kukaanga. Kiporo kilale kwenye friji, usikiache nje usiku kucha kinaharibika na kinaumiza tumbo, na kabla ya kupika kivunje mabonge kwa mkono. Karai kwenye moto mkali, mafuta kidogo, anza na kimchi peke yake, kikombe kimoja cha kimchi iliyokatwa kwa vikombe viwili vya wali. Usiharakishe hapa. Iache mpaka maji yakauke na pembe za kabichi zianze kuwa nyeusi, ule ukali unapoa unakuwa na utamu fulani, ukiweka wali kabla ya hapo unapata wali wa maji maji wenye uchachu tu. Ndo unaingiza wali, yale maji ya kwenye chupa ya kimchi vijiko vitatu, sukari chembe. Wao wanamalizia na mafuta ya ufuta, mi natia kijiko kimoja cha mawese, sio ya Korea hiyo najua lakini rangi inayotoka na ile harufu siwezi kuacha. Chumvi onja kwanza, kimchi inayo tayari.

Juu weka yai la kukaanga ambalo kiini bado laini ukikitoboa kinatiririkia kwenye wali. Wao wanapenda kunyunyizia mwani mkavu wa kuchoma, mi nanyunyizia dagaa wachache waliokaangwa wakakauka.

Ila kabla ya yai, ukishageuza mara ya mwisho tandaza wali, punguza moto, usiguse dakika mbili ili chini ishike ukoko. Nyumbani kwetu ukoko ni wa mama, na leo kaja na kijiko chake kabla sijaepua.