Bendera mbili kwenye tanga moja

Kila aliyeniona na brashi mkononi alinipa shauri lile lile: chora simba, chora Mmasai na jua linatua nyuma yake, wageni watanunua. Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Simba ninayemjua ni yule wa kwenye sarafu ya shilingi kumi. Kazi niliyorithi ni kuandika majina ya mashua na kuzitia macho omoni, yaani mbele kwenye pua yake, na mnyama wa pekee niliyewahi kumpaka rangi ni punda wa jirani, aliyejisugua kwenye ngalawa mbichi akaenda sokoni na ubavu wa buluu. Kwa hiyo simba nikamwacha alipo, nikachora bendera za mataifa kwenye matanga makuukuu.

Bendera zilianza kwa ami yangu. Alikuwa na tanga kuukuu, limelika na jua, akaniambia nilichukue kabla panya hawajalichukua. Tanga la mashua hushonwa kwa mapande marefu yaliyoungwa ubavu kwa ubavu, na nilipolitandaza uani nikaona mapande matatu yamejipanga kama yanangoja rangi. Nguo yenyewe bibi yangu huiita marekani hadi leo, kwa sababu karne mbili nyuma pamba ya namna hiyo ililetwa pwani hii na merikebu kutoka Salem, Massachusetts. Nikasema basi, hata kabla ya kupakwa rangi nguo hii ina uraia.

Hapo akatokea mshauri wa pili, kijana wa kuongoza watalii, mjuzi wa kila kitu. Akasema nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 193, zichore zote ndogo ndogo, utundike, kila mgeni ataiona yake atafurahi. Nilifika kumi na tisa. Ni kweli kila mgeni aliitafuta yake. Akiiona husema "aa!", hupiga picha, huyo anakwenda zake Shela, kijiji jirani chenye ufuko. Hakuna aliyekaa hata nikammiminia kikombe cha kahawa. Wiki tatu za kazi na "aa" zipatazo arubaini.

Lakini kabla ya hizo kumi na tisa kulikuwa na janga la chumvi, na hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyenionya. Tanga limekunywa bahari miaka yake yote. Mimi nikalikung'uta vumbi, nikapaka nyekundu nzuri kabisa, nikalala. Ilikuwa wakati wa upepo wa kusi, hewa nzito. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu ulipokauka mchana ikachomoza juu ya rangi kama ukoko wa wali. Bendera ya Uturuki ikaota nyota mia.

Nikalifua. Nikalifua siku tatu, nikalianika, nikapaka tena. Chumvi ile ile. Nikalaumu rangi, nikalaumu duka, nikamrudishia mwenye duka mkebe uliokwisha nusu, tukatukanana kiungwana. Siku ya nne bibi akaniuliza maji nayatoa wapi. Kisimani, hapo uani. Akanitazama kama anayehesabu miaka yangu ya chuoni. "Mwanangu, watoa chumvi kwa chumvi?" Kisima chetu ni cha kuoshea miguu. Chai hatupikii maji yake hata siku moja, na mimi nimezaliwa nyumba hiyo! Maji matamu ya mji huu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na hayo ndiyo niliyoyatumia mwishoni, mitungi miwili kwa mgongo wa punda (si yule wa buluu). Ukitaka kujua kama tanga limeiva, usiulize mtu: shika upindo uuonje kwa ulimi. Majirani watasema. Waache waseme. Na tanga la nailoni usilihangaikie kabisa.

Rangi natumia ile ile ya mashua, nikiizimua kwa tapentaini, na nyeupe siipaki, naiacha nguo yenyewe. Gharama sikuwahi kuandika. Tanga la ami lilikuwa bure, lililofuata nilinunua Matondoni kwa elfu moja unusu na mazungumzo ya asubuhi nzima, na rangi hunila mia sita, mia nane, hapo hapo.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa nimepaka bendera ya Ayalandi, kijani, nyeupe, rangi ya chungwa, nikaitundika mlangoni kama pazia ili apitaye njiani aione. Niliizimua rangi kupita kiasi, ikapenya hadi upande wa pili, nami nikaona ni aibu ndogo isiyohitaji kutajwa. Mzee mmoja mgeni aliingia kukimbia jua, akakaa kwenye mkeka, nikampa kahawa chungu na kipande cha halwa. Akaangalia mlango, akauliza kwa upole kwa nini nimetundika Kodivaa, yaani Ivory Coast.

Nikamwambia hiyo ni Ayalandi. Akasema yeye ndiye Mwayalandi, na hiyo ni nchi ya Drogba. Nilikasirika. Nikamshika mkono nikamtoa nje: kijani kushoto, chungwa kulia, Ayalandi hiyo! Akanirudisha ndani: chungwa kushoto, kijani kulia, Kodivaa hiyo! Tukatoka, tukaingia, tukatoka, watu wa baraza la mbele wakaanza kuhesabu. Mara ya nne tukaketi kizingitini tukicheka hata kahawa ikapoa. Kisha akaanza ubishi wa haki: bendera yao urefu wake ni mara mbili ya upana, ya Kodivaa ni mbili kwa tatu, akaipima pazia yangu kwa shibiri, akatangaza kwamba kwa vipimo si ya huku wala ya huko. Alikaa saa mbili. Akanieleza kijani ni ya watu gani kwao na chungwa ya watu gani, na kwamba nyeupe ya katikati ni amani baina yao. Hizo kumi na tisa hazikunipa hata nusu ya hayo.

Usiku ule sikulala, na najisifu kwa haki. Nikatafuta bendera nyingine zilizo ndugu wa namna hiyo. Mali ni kijani, njano, nyekundu, na ukiitazama kwa nyuma imekuwa Guinea. Polandi ni nyeupe juu na nyekundu chini, nayo ukiipindua kichwa chini ni Indonesia, na Monaco pia. Hizi nikazitia vitanzi juu na chini, mgeni aigeuze mwenyewe. Italia nilihangaika nayo sana kwa ajili ya Waitaliano wanaopanda kutoka Malindi, lakini kwa nyuma haiwi nchi ya mtu, na mmoja wao alinuna nilipomwambia.

Nisifiche kosa jingine. Nilichora ya Saudia kwenye kipande kidogo, nikiwa na haraka, kwa hati nzuri nikajiona khatati, fundi wa kuandika Kiarabu. Bibi akaja na bakora yake. "Njoo hapa. Hii mtu akiifanya mto wa kukalia?" Bendera ile imeandikwa Shahada, tamko la imani yetu Waislamu, na mimi nauza vipande ambavyo watu hushonea mito! Tena ingepenya, upande wa pili maneno yasomeke kinyume. Nikaona haya. Tangu siku hiyo bendera yenye jina la Mwenyezi Mungu siigusi, mteja atoe atakacho. Na ya Kenya pia naiacha, kwa sababu nyingine: kuna sheria ya bendera na nembo za taifa, Sura ya 99, inayotaka ruhusa kabla ya kuitia katika biashara. Wenzangu hunicheka kwa hilo. Mimi sina pesa ya wakili.

Ujanja ninaoupenda zaidi sikuupata kwa kufikiri. Shangazi alikuwa akipinda leso zake karibu yangu, akauliza, "Na jina lake?" Leso bila jina, yaani ule msemo wake, si leso. Basi sasa upindo wa chini nauacha mtupu, namwambia mgeni aniandikie methali ya kwao kwa lugha ya kwao, naye anapata ya kwetu chini yake kwa mkono wangu. Wengine hukaa nusu saa wakitafuna kalamu. Mama mmoja wa Polandi alimpigia simu mamake kumuuliza neno sahihi, na mimi nikasalimiwa kwenye simu hiyo hiyo na mtu nisiyemwelewa hata tone, nikaitikia "alhamdulillahi" kila aliponyamaza.

Mzee wa Ayalandi alirudi siku ya pili akanunua ile pazia, yenye vipimo visivyo vya mtu. Sikutaka kumuuzia, nilitaka ibaki mlangoni. Akaongeza dau, nami si jiwe. Upindoni akaandika maneno ya Kiayalandi, mimi nikaandika "Mgeni njoo mwenyeji apone". Akaenda nayo Dublin.

Mwezi wa pili tangu hapo akanitumia picha. Ameitundika dirishani, yeye ndani anaiona Ayalandi, maana yake walioko barabarani wanaiona Kodivaa. Chini ya picha ameeleza kwamba jioni moja kengele ililia, akafungua akakuta kijana na mfuko wa ndizi za kupika, anauliza kwa Kifaransa nani humu ametoka Abidjan. Kwenye picha ya pili wameketi wote wawili, ndizi zimeshakaangwa, na kijana anaipima pazia kwa shibiri.