Pi Zero ilivyokataa programu yangu, na nilivyoishinda

Nina programu niliyoiandika kwa C, inasoma kina cha maji kwenye tangi la nyumbani Morogoro na kuweka rekodi kila dakika tano. Ilikaa miezi kwenye Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, bila tatizo. Nilipoihamishia Pi Zero ya kwanza, yenye prosesa ya ARM1176, nikajibiwa maneno mawili tu: `Illegal instruction`, yaani prosesa imekutana na amri isiyoijua.

Kuikompaili (kugeuza msimbo kuwa amri za prosesa) humohumo nilijaribu. Kiini kimoja, RAM MB 512: nilianza kabla ya magharibi, isha imeingia bado inahangaika na laibrari. Nikarudi kwenye laptopu yangu ya Ubuntu.

Jamaa mmoja akaniambia niipe kompaila chaguo la prosesa, `-march=native`. Ushauri mbaya huo, tafadhali usimpe mtu. Native ni mashine inayokompaili, na laptopu yangu ni Intel!

Nikaweka `-mcpu=arm1176jzf-s`. Kompaila ikagoma, inalalamikia Thumb-1 na hard-float. Kumbe ile ya Ubuntu imepangwa kutoa Thumb, seti ya amri fupi za ARM, usipoiambia vingine, na Thumb ya zamani ya prosesa hii haifikii rejista za namba za desimali. Nikaongeza `-marm`, itoe amri za kawaida za ARM, ikapita bila onyo hata moja. Nikaituma kwa scp, nikaiendesha: `Illegal instruction` tena.

Siku mbili zikaishia hapo. Niliweka printf mstari wa kwanza kabisa wa main, haikuchapa kitu. Ndipo nikafungua gdb, chombo cha kuchunguza programu, kwenye Pi Zero yenyewe, programu ikaanguka, nikaandika `x/i $pc` nione amri iliyoiangusha. Ikanionyesha `mov.w`, ndani ya `_start`, sehemu inayotangulia main. Mimi sijaandika `_start`! Tena `mov.w` ni amri ya Thumb-2, Thumb mpya zaidi, ambayo ARM1176 haiijui kabisa. Nikapiga `readelf -A`, inayoonyesha faili limekompailiwa kwa toleo gani la ARM, kwenye faili langu la .o, kabla ya kuunganishwa na laibrari: `Tag_CPU_arch: v6KZ`, tawi la v6. Nikapiga kwenye programu iliyokamilika: v7. Mchele niliupepeta vizuri, mawe yakaingia sufuriani.

Mawe yenyewe ni crt1.o (yenye `_start`) na laibrari za libc na libgcc zinazokuja na kompaila hiyo. Zimeshakompailiwa kwa ARMv7, kwa sababu armhf, toleo la ARM ya biti 32, la Debian na Ubuntu linaanzia hapo. Raspberry Pi OS nayo inaitwa armhf, lakini yake inaanzia ARMv6. Jina moja, vitu viwili, na katika wote walionishauri hakuna aliyelitaja hilo.

Nikanakili /lib na /usr kutoka Pi, nikatumia `--sysroot` ili kompaila itafute laibrari humo. Ilisaidia nusu: crt1.o na libc zikawa sahihi, ila libgcc na crtbegin.o bado zinachukuliwa kwenye folda ya kompaila. Nikaamua kujenga kompaila yangu, GCC, kwa crosstool-NG, programu ya kujengea kompaila, ikiwa na `--with-arch=armv6 --with-fpu=vfp --with-float=hard`. Bando liliisha katikati, nikanunua jingine, laptopu ikaunguruma usiku kucha. Ukifanya hivi, glibc (ndiyo hiyo libc) isiwe mpya kuliko iliyoko kwenye Pi, la sivyo programu itakataa kuanza.

Kwa bodi nyingine natumia hizi: Pi 2 ya mwanzo, `-mcpu=cortex-a7 -mfpu=neon-vfpv4`. Pi 3 kwenye mfumo wa biti 32, `-mcpu=cortex-a53 -mfpu=neon-fp-armv8`. Pi 4 ya biti 64, `-mcpu=cortex-a72` basi; kompaila ya aarch64 haitambui `-mfpu` wala `-mfloat-abi`, usiyabebe huko. Wala usirundike `-march` juu ya `-mcpu`, kwani `-mcpu` inachagua aina ya amri na kulenga prosesa kwa pamoja.

Asubuhi nikakompaili upya na kupiga `readelf -A` kabla ya kutuma chochote. v6. Nikatuma, nikaendesha, nikakaa naitazama terminali. Ikachapa: sm 142. Nikatoka na rula ndefu, nikapanda kwenye tangi kuhakikisha.