Baraka iko kwenye punje gani?

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu, mama zangu na shangazi zangu, Ijumaa njema kwenu nyote, kuanzia Langoni mpaka Mkomani hapa Amu (Lamu), Shela, Matondoni, na mlioko Mombasa na Malindi pia.

Wiki hii nataka tukae na aya moja tu, manake imenishika tangu Jumatatu na haijaniachia. Iko kwenye Surat Abasa, aya ya 24, pale Mwenyezi Mungu anaposema mtu na akitazame chakula chake. Hapo hajataja kula, hajataja hata kushukuru, kasema tazama kwanza, halafu ndo anatuhadithia vile alivyomimina maji, akaipasua ardhi, akaotesha humo nafaka na zabibu na mizaituni na mitende, chakula chetu sisi na wanyama wetu. Aya hii mimi nimeihifadhi chuoni nikiwa na miaka saba na nikaisoma kwenye swala mara ambazo siwezi kuzihesabu, na ukweli wa Mungu wali nimeula miaka arubaini na kitu bila kuutazama.

Jumatatu kulikuwa na hitima mtaani kwetu. Masinia yakatoka, watu wakala wakashiba alhamdulillahi, na wakati wa kutoa vyombo nikawa pale mlangoni nasaidia, nikaona vijana wanakusanya mabaki, wali mweupe kabisa, ule wa pembeni ya sinia ambao hata mkono haujaugusa, unakwenda kwenye mfuko wa taka pamoja na maganda ya ndizi. Mama mmoja mtu mzima akausimamisha ule mfuko kwa mkono. Hakugomba, hakupaza sauti, alisema tu, "Mtele huu umetoka mbali, wanangu," akaomba sufuria, akaanza kuuchota.

Na kweli umetoka mbali. Mchele mwingi tunaokula Kenya hii unatoka nje, magunia yanashuka bandarini Mombasa, Pakistan umejaa humo, na mtakumbuka Julai 2023 India walipozuia mchele wao mweupe usiokuwa basmati usitoke, sisi hatuko India wala hatukuwa na ugomvi na mtu lakini bei za mchele zilipanda dunia nzima. Nikalala usiku ule nafikiria sufuria ya yule mama, na ikanijia hadithi ya Mtume wetu swalla Allahu alayhi wasallam, ile aliyoipokea Muslim, kwamba tonge likikuanguka liondoe uchafu ulile usimwachie shetani, na tusafishe vyombo na vidole, kwa sababu hatujui ni kwenye sehemu gani ya chakula chetu baraka imewekwa.

Hatujui imewekwa wapi. Hayo maneno ndo yaliyonifanya nikumbuke habari ya mtu mmoja niliyoisoma zamani, nataka niwahadithie kwa utulivu.

Anaitwa Monty Jones, mwana wa Sierra Leone, aliyezaliwa mwaka 1951, mtaalamu wa mbegu. Kwao wali ndo chakula kama kwetu, huko mtu akishinda siku nzima anakula vitu vingine bila wali atakwambia leo sijala. Sasa, mpunga unaolimwa duniani uko jamii mbili. Kuna wa Asia, ambao ndo karibu wote tunaoujua, huu uliokuja pwani yetu kwa majahazi karne nyingi nyuma. Na kuna wa Afrika wenyewe, ambao wazee wa Afrika Magharibi waliuchukua mwituni wakaufanya wa shamba kule bonde la mto Niger, kiasi cha miaka 3,000 imepita. Huu wa Afrika watu walikuwa wameshaupa kisogo. Mavuno yake madogo, ukizaa unalala chini, na punje zake zinapukutika kabla hujafika na kisu, kwa hiyo mkulima aliyepata mbegu ya Asia yenye kuzaa sana aliiacha ile ya babu yake bila kugeuka nyuma, na mimi simlaumu, mtu ana watoto wa kulisha.

Lakini ule wa Asia ukiupanda shamba la mlimani lisilo na maji ya mfereji, unategemea mvua tu, unateseka. Magugu yanaumeza, maradhi yanaumaliza, wadudu wanauingia. Na yule mnyonge wa Afrika, aliyedharauliwa, majani yake ya chini ni mapana yanafunika ardhi mapema, magugu yanakosa jua, na ameshakaa na ukame na wadudu wa pale miaka elfu tatu, wanajuana. Yaani kila mmoja alikuwa na kile mwenzake alichokosa.

Monty Jones alikuwa kwenye taasisi ya mpunga ya Afrika Magharibi, WARDA, pale Bouaké nchini Ivory Coast, ambako kwenye ghala la mbegu walikuwa wamehifadhi aina kama 1,500 za ule mpunga wa Afrika ambao mashambani ulikuwa unapotea. Mwaka 1991 wakaanza kazi ya kuzioza, yaani kuzichanganya, hizi jamii mbili. Hebu fikirini kazi yenyewe ilivyo: ua la mpunga ni dogo kama punje, unalitoa unga wake kwa mkono kabla halijajizalisha, kisha unachukua unga wa ua la yule mwingine unalipaka, unalifunika, unasubiri. Ua moja, halafu jingine, halafu jingine. Na baada ya yote hayo walichokuwa wanapata ni mapepe. Waliolima mpunga mnajua uchungu wa mapepe, shuke limesimama vizuri kwa mbali, ukilibonyeza kwa vidole hakuna kitu ndani, ganda tupu. Wengine kabla yao walijaribu na ikawa hivo hivo, hizi jamii mbili zikichanganywa mtoto anafia ndani ya mbegu, au akiota anakuwa tasa.

Sasa sikilizeni walichofanya. Walikuwa wanaifungua ile mbegu changa kabla haijafa, wanakitoa kile kijusi cha mmea, kitu ambacho kwa jicho unakiona kwa shida, wanakiweka kwenye kioo ndani ya labu, wanakilisha kidogo kidogo mpaka kinatoa mzizi na jani na kinaweza kusimama kwenye udongo. Kama vile mtoto njiti anavyotunzwa hospitalini na mama yake amekaa pembeni hajui kama ataamka naye kesho. Walisaidiana na wataalamu kutoka China kwenye njia hizo za kukuza mimea ndani ya vioo, na moja ya vitu vilivyotumika humo, ndugu zangu wa Amu, ni mafuta ya nazi. Niliposoma hapo nilisema subhanallah peke yangu. Nazi hii hii inayoanguka hapa nyuma ya nyumba tunaikwepa.

Vile vimiche vilivyopona wakaviozesha tena kwa mzazi wa Asia, na tena, mpaka utasa ukaondoka na mashuke yakajaa. Huo ndo mpunga ulioitwa NERICA, maana yake mpunga mpya wa Afrika, na mwaka 2000 zikatajwa kwa majina aina saba za kwanza. Shuke la ule wa zamani wa Afrika lilikuwa na punje 75 mpaka 100, hili jipya lilifika mpaka 400. Na badala ya kungoja siku 120 au 140, nyingi ya hizi zinaiva kwenye siku 90 mpaka 100 hivi. Mtu asiyelima anaweza kuona hizo wiki chache si kitu. Mwenye kulima anajua ule mwezi ambao ghala limekwisha na shambani bado ni kijani, ndo mwezi ambao mama anachemsha maji watoto walale wakidhani kuna kitu jikoni.

Kuna kitu kingine walikifanya ambacho nimekipenda sana. Hawakukaa ofisini wakachagua wenyewe mbegu gani iende kwa watu. Waliwaita wakulima shambani, na wengi wao wakiwa wanawake kwa sababu kule kupalilia mpunga wa mlimani ni kazi ya wanawake, wakatembea kati ya mistari wakashika, wakatafuna, wakapika, kila mmoja akachagua yake. Wengine walipenda mpunga mrefu, na sababu yao ni kwamba unavuna bila kuinama sana mtoto akiwa mgongoni. Hiyo sababu nani mwingine angeijua?

Mwaka 2004 Monty Jones alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, Mwafrika wa kwanza kuipata, pamoja na Yuan Longping wa China, yule mzee wa mpunga chotara aliyefariki Mei 2021. Mbegu zikaenda nchi nyingi, Uganda zimelimwa sana na hata kwetu Kenya zimefika. Si mbegu ya muujiza, mvua ikikosa kabisa nayo inakauka, na njaa Afrika haijaisha, tumeiona wenyewe juzi hapa misimu mitano ya mvua imefuatana inakosa kuanzia 2020, ng'ombe wanaanguka njiani. Lakini kuna familia ambazo wamekula mwezi ambao wasingekula. Kwangu hilo ni kubwa sana.

Na ninachokiona mimi, Allah ndiye mjuzi, ni kwamba yule bwana aliifanya aya ya Abasa kwa mikono yake. Alikitazama chakula. Miaka na miaka anatazama punje, na baraka waliyokuwa wanaitafuta wote ikawa imewekwa kwenye ile mbegu iliyotupwa, ile watu walishasema haina faida. Mola hakuiumba mpya siku ile, ilikuwa humo kwa miaka elfu tatu inangoja mtu ainame.

Hapa moyo wangu unauma kidogo, na nitawaambia kwa nini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ozi, kule juu ya Kipini, mto Tana unapokaribia bahari. Aliolewa Amu lakini shamba la mpunga kwao hakuliacha, kila mwaka alikuwa anavuka kwenda, na nilipokuwa mdogo likizo alikuwa ananichukua nikamsaidie kuamia ndege. Tulikuwa tunakaa juu ya dungu tangu alfajiri, mimi na kopo la mawe, nikilitikisa ndege wanaruka wingu zima wanatua upande wa pili, nalitikisa tena. Nilikuwa nakasirika nataka kuwafukuza wote. Yeye alikuwa ananiambia basi mwanangu, wamezao wamemeza, hiyo ni sadaka yangu, na mimi nilikuja kujua baadaye sana kwamba hayo ni maneno ya Mtume, kwamba Muislamu akipanda kitu, akala humo ndege au mtu au mnyama, anaandikiwa sadaka. Jioni anapepeta kwenye ungo, na punje ikiruka ikaangukia mchangani alikuwa haendelei mpaka iokotwe. "Okota mwanangu, okota punje moya moya, huyui ni ipi yenye baraka." Nilidhani ni ubahili wa wazee.

Mbegu yake ilikuwa ya kwao, ya tangu mama yake na bibi yake. Mpunga wa Asia kwa asili nadhani, kama wote wa pwani, lakini ulishakaa ukawa mwenyeji. Nakumbuka alikuwa anasema huu wangu hata maji ya mto yakiingia chumvi kidogo hauniaibishi. Na sasa hivi mnajua hali ya Ozi, bahari inapanda mtoni, chumvi inaingia mashambani, mashamba yaliyokuwa ya mpunga yameharibika na watu wamekata tamaa. Wakati wake hatukumuuliza mbegu hiyo inaitwaje. Hakuna hata mmoja wetu. Tulikuwa tunakula mchele wa dukani kwa sababu ni mweupe na hauna mawe, na ule wake tulikuwa tunaona haya kuwapikia wageni.

Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake pema, tulikuta kwenye kasha lake kibuyu kimefungwa kwa kitambaa na nta, na ndani mna mpunga. Kiasi cha vibaba viwili. Tukakiweka juu ya kabati, na kikakaa pale miaka kumi na moja.

Jumanne, baada ya ile hitima, nilikishusha. Nilichukua punje mia moja nikazihesabu, nikaziroweka usiku kucha, nikazilaza kwenye kitambaa chenye maji nikazifunika, na kila baada ya swala nilikwenda kuzitazama. Jumatano hakuna kitu, jana hakuna kitu. Leo baada ya alfajiri nimezifunua, nimepitia moja moja kwa mwanga wa simu, zimevimba na zimeanza kunuka, hakuna iliyotoa hata ncha. Nimeroweka nyingine mia. Mbegu ikikaa muda mrefu hivo kwenye joto la kwetu inakufa, hilo nalijua, lakini nimeziroweka.

Kwa hiyo nawaomba, yeyote mwenye jamaa Ozi, Kipini, Kau, Chara au popote kwenye ule mto, mwenye mama au bibi ambaye bado anapanda mbegu yake ya zamani, hata kama ni kipande kidogo nyuma ya nyumba, nijulisheni. Nauli ya gari kutoka Mokowe na ya boti kutoka Kipini ninayo. Sitaki kununua, nataka nikae naye siku moja anieleze jina la hiyo mbegu, inapandwa mwezi gani, inavumilia nini, niandike, na akiniruhusu nipewe kiganja kimoja nikipande kabla mvua za masika hazijaisha.

Na tumuombee dua yule mama wa sufuria, amekuwa na homa tangu jana.