Madume Wanahama, Majike Wanabaki

Wengi wanaokuja kwangu hapa Bigwa, Morogoro, kuulizia sungura huanza na chakula, wakahamia kwenye magonjwa, wakamalizia na bei ya kilo. Nani apande nani, hilo hawaulizi. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza, hasa kwa sisi tunaofuga wachache wa kitoweo na wa kuuza mmoja mmoja. Mwenye mamia anaweza kubahatisha. Mwenye majike sita hana nafasi hiyo, kwa sababu kila mtoto anayembakiza ni sehemu kubwa ya banda lake la mwakani.

Hesabu yenyewe iko hivi. Baba akimpanda binti yake, au kaka akimpanda dada yake, robo ya vinasaba vya watoto inakuwa kitu kilekile kimeingia kutoka pande zote mbili. Wa baba mmoja na mama mbalimbali, ni asilimia 12.5. Ukifuga majike sita na dume mmoja bila kuingiza mgeni, undugu unapanda kwa takriban asilimia 15 kila kizazi. Na vizazi vya sungura vinakimbia: jike wa aina ya Nyuzilandi mweupe anapandishwa akiwa na miezi mitano, mimba ni siku 31, kwa hiyo mwaka na nusu unatosha kuona vitukuu. Uharibifu wake hauji kwa kishindo. Jike aliyekuwa anazaa wanane anazaa sita, binti yake anazaa wanne, vichanga wanatoka wadogo na asubuhi unamkuta mmoja amepoa pembeni ya kiota. Mwenye banda atalaumu pumba, atalaumu baridi ya usiku, atamlaumu hata jirani mwenye kijicho. Dume yuleyule yumo ndani, amenenepa, hakuna anayemtazama.

Ukiwa na madume watatu kwa majike haohao sita, kasi hiyo inashuka hadi asilimia 6 hivi. Ndiyo maana mimi nalisha madume watatu, japo wawili wangenitosha kwa kazi.

Nimeolewa Uluguruni, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ndani ya ukoo hakuna kuoana. Banda langu linakwenda kwa utaratibu huohuo. Nina koo tatu, na kila ukoo una rangi yake iliyopakwa kwenye mbao za vizimba: nyekundu, bluu na kijani. Mtoto wa kike akibakizwa, anabaki kwenye rangi ya mama yake maisha yake yote. Wa kiume akibakizwa, anahama. Mtoto wa wekundu anakwenda kupanda wabluu, wa wabluu anakwenda kwa wakijani, wa wakijani anarudi kwa wekundu. Hairuki, haigeuki. Hata nikiwa safarini, kijana anayenisaidia hahitaji kusoma daftari. Anatazama rangi, anamtoa jike na kumpeleka kwenye kizimba cha dume (kamwe si dume kwa jike, atapigwa), kazi imekwisha.

Kinachoweza kuvuruga mpango huu ni kuazima mama. Napenda kupandisha majike wawili au watatu siku moja, ili aliyezaa kumi na wawili awagawie wenzake waliozaa watano, kwa kuwa jike ana chuchu nane tu kwa kawaida. Vichanga wanaishi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini vichanga wa koo zote wanafanana: ngozi tupu, hawana manyoya, wamefumba macho. Ukishawachanganya hata mama yao hawatofautishi. Kwa hiyo anayehamishwa anapakwa GV, ile dawa ya zambarau, mgongoni siku ileile, na narudia kila inapofifia. Manyoya yakishaota naandika ndani ya sikio kwa maka peni, kisha namba ya kudumu inachanjwa kwa koleo wanapoachishwa kunyonya.

Kuchagua wa kubaki kunataka subira. Idadi ya watoto kwa uzao hairithiwi sana; jike akizaa kumi mara moja, inaweza kuwa ni majani mazuri ya masika tu. Nasubiri uzao wa tatu ndipo nibakize binti yake. Kasi ya kukua inarithiwa zaidi, kwa hiyo mizani inafanya kazi. Siku ya 21 napima uzao mzima kwa pamoja ndani ya ndoo. Uzito huo unanionyesha maziwa ya mama, kwa kuwa hadi hapo wamekula kidogo sana kitu kingine. Napima tena mmoja mmoja wiki ya 12. Ninaowatazama ni wale waliokuwa wazito mara zote mbili. Kisha namgeuza chali, nahesabu chuchu, natazama nyayo za miguu ya nyuma kama zina manyoya mazito, kwa sababu mwenye nyayo tupu atatoka vidonda kwenye waya wa sakafu ya kizimba, na watoto wake hivyohivyo.

Halafu meno. Meno ya mbele ya sungura hayaachi kukua. Yanajipunguza kwa kusagana, ya juu kwa ya chini. Nilikuwa na mtoto mmoja wa wabluu aliyekuwa wa kwanza kukimbilia majani kila asubuhi, lakini alikuwa anashika jani kwa pembeni ya mdomo, analivuta, linaanguka. Kidevu kimelowa mate. Nilipofunua midomo, meno ya chini yalikuwa yametokeza mbele ya yale ya juu, na ya juu yameanza kujikunja kuelekea ndani. Hakuwa ameumia kwa kung'ang'ania waya wala kwa kuanguka, na dada yake alikuwa hivyohivyo. Ugonjwa huu wa kurithi hujificha: baba anao, mama anao, wote wawili meno yao yamenyooka, na wastani wa mtoto mmoja kati ya wanne unajitokeza. Walionyooka nao si salama, wawili kati ya kila watatu wameubeba. Nilichinja uzao mzima, na baba yao na mama yao. Dume yule alikuwa mrefu, mwenye kiuno kipana, watu walikuwa wanamtaka. Lakini jike anaharibu ukoo mmoja, dume anaweza kuharibu wote.

Rangi ya manyoya hainishughulishi, ila lazima niiseme kwa ajili ya wanunuzi. Sungura wa aina ya Kalifonia ana weusi puani, masikioni, miguuni na mkiani, na weusi huo hutegemea baridi ya ngozi. Kalifonia wa Mgeta, kule juu milimani, wanatoka weusi kabisa. Wa hapa chini mjini, waliokulia joto la Januari, wanafifia. Chotara wa Kalifonia na Nyuzilandi mweupe naye anafifia, kwa kinasaba chake. Usimkatae kwa sababu hiyo. Anakua vizuri na anazaa vizuri.

Joto hilohilo linawadhulumu madume. Likizidi nyuzi 30 kwa siku kadhaa mbegu zao zinaharibika, na zinachukua wiki sita au zaidi kurudi. Dume asihukumiwe kwa majike walioshindwa kushika mimba mwezi wa pili.

Juzi kijana wa jirani alikuja, "Shikamoo mama, nataka dume mmoja na majike wawili, nipe wa kizimba kimoja, wamezoeana hawatapigana." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, hao ni ndugu, siuzi hivyo." Nimempa majike wawili wa kijani na dume wa kibluu, pamoja na kadi zao. Wakizaa, aje tubadilishane madume.

Mwezi ujao napokea dume kutoka Mgeta. Atakaa peke yake nyuma ya jiko wiki nne, kisha atapanda majike wawili wa kijani tu. Watoto wake nitawafunua meno na kuwapima hadi wiki ya 12. Wakipita, mwanawe mmoja anahamia kwa wekundu. Wasipopita, wote na baba yao wanakwenda sokoni, na nitatafuta kwingine.