Toyota Noah inachemsha ikisimama, ikitembea inapoa

Mshale wa joto ukipanda kwenye mataa ya Dodoma mjini, kisha ukashuka ukishika barabara ya Singida, usikimbilie themostati (vali inayopitisha maji ya kupoza injini). Angalia kwanza feni ya rejeta, inayoipoza gari likiwa limesimama bila upepo.

Niliwasha AC, ambayo huiwasha feni hiyo, feni kimya. Fyuzi nzima. Nikachomoa soketi ya feni, nikaipa umeme wa betri moja kwa moja: ikazunguka, kwa hiyo mota nzima. Nikaweka rilei (swichi ya umeme) ya honi, yenye namba ileile, pale pa feni, ikavuma. Rilei mpya ikamaliza kazi.

Ila mfuniko wa rejeta ulikuwa na ukoko mweupe. Maji ya visima vya huku yana chumvi, yanaziba rejeta taratibu, tafadhali msiyajaze. Injini ikiwa imepoa kabisa, nilimwaga yote, nikajaza kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iliyokwishachanganywa, nikawasha mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakaisha.